Posa ya Bwana Papa

Kapu lilikaa katikati ya sebule, juu ya mkeka, limefunikwa majani ya mgomba, na muda wote wa salamu hakuna aliyeuliza lina nini. Leonsia alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango wa chumbani, mahali ambapo binti anayeposwa anaruhusiwa kusimama ilimradi asionekane. Kwa upenyo wa pazia alimwona Malimi vizuri. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeitwa ofisini, Kaunda suti ya kijivu imembana mabegani kwa sababu haikuwa yake. Kila baada ya muda macho yake yalikuja kwenye pazia, yakatulia hapo kidogo, kisha yakarudi haraka kwa wazee. Na kila yalipokuja, Leonsia alijikuta amekikamata kile kitambaa kana kwamba ameguswa.

Huyo ndiye mwanamume ambaye Kirumba nzima walimwita Bwana Papa. Kwa kazi alikuwa bwana samaki wa serikali, amesomea Nyegezi, mtoto wa Nassa aliyekulia miguu majini. Lakini baada ya masomo alipelekwa Mafia, kwenye bahari ya chumvi, na aliporudi Mwanza kusaidia maonyesho ya Saba Saba alirudi na taya la papa ndani ya sanduku la mbao na maneno yasiyokwisha. Kwamba huko pwani wako wavuvi wanaotupa baruti majini na kupasua matumbawe ambamo samaki wanazaa. Kwamba papa anavuliwa hata kwa ajili ya ini tu, lichemshwe litoe mafuta ya kupaka vyombo vya baharini, na majike wenye mimba ndio wanaonaswa kwa urahisi kwa kuwa wanasogea karibu na nchi kavu kuzaa. Kwamba papa si kama sato. Anachelewa kukua, anabeba mimba muda mrefu, anazaa wachache. Aliyasema hayo mwaloni wanakoshukia wavuvi, akayasema mkahawani, na jioni moja akayasema katika darasa la kisomo la Igogo, ambako Leonsia alifundisha watu wazima kusoma baada ya kufunika cherehani yake. Wanafunzi walisinzia. Mwalimu hakusinzia. Alikuwa hajawahi kuona mwanamume mzima akimwonea huruma kiumbe mwenye meno kiasi kile. Alipomsindikiza mpaka barabarani, habari za papa hazikuzungumzwa hata kidogo.

Sasa Saba Saba ilikuwa inakaribia. Siku chache baada ya hapo Malimi angepanda treni mpaka pwani na kuvuka kurudi Mafia, safari hii kwa kazi aliyoiomba mwenyewe, ya kuzunguka vijiji vya wavuvi akiwaeleza hatari inayoikabili bahari yao. Alimwambia Leonsia kwamba hataondoka kama mtu aliyekuja kutazama tu. Akikubaliwa kabla ya treni, arusi itakuwa Krismasi atakapopata likizo. Asipokubaliwa, Mafia ni mbali, na nyumbani kwa Mzee Kahigwa, baba yake Leonsia, wapo waliotamani umbali huo ufanye kazi yake.

Wa kwanza kati yao alikuwa mama. Malimi mwenyewe hakumchukia, alichukia tu kila kilichomzunguka. Usukuma si neno, alisema, Wasukuma ni watu wema na wanalima. Lakini mtu wa Bukoba akiozesha binti yake ng'ambo ya bahari, mjukuu atakwenda kumwona kwa meli ipi? Na huyo samaki anayetetewa si ndiye anayekula watu? Mzee Kahigwa alikuwa seremala katika karakana ya meli, na alitumia maneno kama alivyotumia misumari, pale tu panapohitajika. Alisema waje, awasikie.

Ndio hao walikuwa wamekuja, Malimi na baba yake mdogo Ngosha, aliyekuwa mshenga. Shikamoo zilipita. Mama alileta kisahani cha kahawa ya kutafuna, na Malimi akatafuna punje zake bila kukunja uso, kama Leonsia alivyomfundisha. Ngosha alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alitania kwamba amesikia Wahaya wakipata mgeni humuuliza kwanza ameishia darasa la ngapi. Basi yeye awaondolee taabu, ameishia la nne, lakini kijana wake amesoma mpaka samaki wanamwamkia. Hata mama alicheka. Leonsia aliona mabega ya Malimi yanalegea, naye akapumua.

Ndipo Ngosha alipolivuta kapu.

Alieleza kwamba hawakuja na maneno matupu. Kwao Nassa, ukitaka mkwe ajue unamheshimu, humpelekei furu wala dagaa. Kijana mwenyewe alikwenda mpaka kwenye matete kumtafuta, akamkausha kwa moshi kwa mikono yake, hakumpa mtu amsaidie. Akafunua majani. Ndani, amekunjwa kama mkanda, mweusi, anang'aa kwa mafuta, alikuwamo kamongo mzima na kichwa chake.

Leonsia aliliachia pazia.

Ukoo wa Mzee Kahigwa hawali kamongo. Ni muziro wao. Kila ukoo wa Kihaya una wake. Wengine ni ndege, wengine ni mnyama wa porini, kwao ni kamongo. Haliwi, hauawi, hapikwi katika chungu cha nyumba hiyo, na anayemkuta amekwama kwenye tope anamrudisha majini na kuendelea na safari yake. Walikuwa Walutheri wa kanisani kila Jumapili, walikuwa na redio na picha ya kipaimara ukutani, na kamongo hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Wiki iliyopita Malimi alimuuliza Leonsia baba anapenda nini. Samaki wa kukausha, alimjibu, akiwaza sato. Habari ya muziro haikumjia kichwani kabisa, kama ambavyo mtu hakumbuki kumwambia mgeni wake kwamba nyumbani kwao hawali paka.

Mama aliinuka. Alichukua kisahani cha kahawa kikiwa bado na kahawa yake, akaingia nacho ndani, akampita binti yake bila kumtazama.

Mzee Kahigwa hakuinuka. Aliomba kapu lifunikwe. Ngosha alikuwa hajaelewa bado. Alicheka, akasema anajua, ni hicho kichwa kinachotisha, ukishakikata inabaki nyama tupu. Na tena kwao wanawake hawapewi, anawekewa mwenye nyumba peke yake.

"Mzee mwenzangu," alisema Mzee Kahigwa, "huyo uliyemweka kapuni, sisi ni watu wake. Hatumli. Nyumba hii hajawahi kuingia akiwa maiti."

Ngosha aliyarudisha majani juu ya kapu.

"Na wewe kijana. Nasikia unazunguka mji mzima ukiwaambia watu wamwache samaki fulani aishi."

"Ndiyo, Mzee."

"Mimi wangu nimemwacha tangu nizaliwe. Wewe umemwua, umemkausha, umeniletea." Hakupandisha sauti, alisema kama mtu anayesoma kipimo cha ubao. "Posa yenu sijaikataa. Sijaisikia. Chukueni kapu lenu, mwende salama."

Leonsia alitokea mlango wa nyuma akawawahi kwenye njia inayoteremka katikati ya majabali kuelekea barabarani. Ngosha alikuwa ametangulia na kapu begani, akijisemesha kwa Kisukuma. Malimi alimwona Leonsia, akasimama. Uso wa Malimi ulikuwa wa mtu aliyeamshwa ghafla. Leonsia alitaka kumshika mkono. Alitaka pia kumtikisa.

"Ungeniambia, Leonsia."

"Uliuliza baba anapenda nini. Hukuuliza hali nini."

"Mambo hayo mtu haulizwi. Anasema."

"Kwetu hayasemwi. Yanajulikana."

"Yanajulikana kwa nani? Mimi Mhaya?"

Siku nyingine wangecheka, maana utani wa Mhaya na Msukuma ndio uliokuwa chumvi ya mazungumzo yao. Siku hiyo hakuna aliyecheka. Malimi alikuwa anaiona treni mbele ya macho yake, na hofu ikamfanya aseme lile ambalo kwa akili tulivu asingelisema.

"Nyumba ina redio," alisema. "Nyumba ya watu waliosoma. Baba yako anatengeneza meli za injini. Sikudhani kama humo ndani kuna ushirikina wa samaki."

Leonsia alirudi hatua moja nyuma.

"Rudia."

"Sikusema kwa ubaya."

"Umesema ushirikina. Basi nisikilize, Malimi. Wewe ilibidi upelekwe chuo, halafu upelekwe Mafia kwa nauli ya serikali, urudi na meno ndani ya sanduku, ndipo ukajua kwamba kiumbe cha majini kinaweza kuachwa kikaishi. Watu wakikucheka unanijia jioni umenuna, nakwambia vumilia, hawajaelewa. Tata, baba yangu, hakuonyeshwa meno. Hakuhutubiwa. Aliambiwa mara moja na babu yake akiwa mtoto, na leo ana mvi, hajamgusa. Mtu wa namna hiyo ndiye unayekwenda kumtafuta kisiwa kizima. Umempata Igogo, umemwita mshirikina."

Mkono wa Malimi ulinyooka kuelekea kwake, ukaishia njiani. Leonsia aligeuka akapanda yale mawe, polepole kuliko ilivyohitajika, akisubiri kuitwa. Hakuitwa.

Nyumbani mama aliufua ule mkeka, akauanika, akaufua tena. Hakumsema Malimi kwa ubaya, na hilo ndilo lililomtisha Leonsia. Alianza tu kuzungumzia kijana mmoja wa Kanyigo, Venant, karani wa ushirika wa kahawa, mtu ambaye hajui kuogelea na hana haja ya kujifunza. Leonsia alishona nguo za watu, jioni akaenda darasani, akaandika ubaoni "mama anapika ndizi" na wanafunzi wakaisoma kwa sauti, na sauti yake mwenyewe akaisikia kama ya mtu aliyeko chumba cha pili. Siku zilipita. Malimi hakuja Igogo wala hakutuma mtu.

Hatimaye alimfuata baba yake uani, alipokuwa anapiga randa ubao, akakaa kwenye vumbi la mbao kama alivyozoea kukaa alipokuwa mdogo. Alimwambia kwamba kosa lilikuwa lake, yeye ndiye hakumweleza.

"Najua," alisema baba yake.

"Basi, Tata, umsamehe."

"Kwa kutokujua nimekwisha kumsamehe palepale. Sasa amejua. Nangoja nione akishajua anafanya nini."

Leonsia hakuthubutu kumwambia neno ambalo Malimi alilisema pale majabalini. Alikwenda kulala nalo, akaamka nalo.

Siku ya maonyesho ilifika. Alikuwa amewaahidi wanafunzi wake wa kisomo kwamba atawapeleka, na ahadi ya mwalimu haivunjwi kwa sababu ya moyo wa mwalimu. Walikwenda kwa miguu, akina mama na kanga zao za sherehe, wazee wawili na bakora zao, wakisoma kwa sauti kila kibao walichokuta njiani. Kilichomshangaza ni kwamba baba yake alivaa koti akafuatana nao. Alisema anataka kuona mbao za Sao Hill.

Uwanja ulikuwa umejaa. Walipita pamba, wakapita madume ya ng'ombe yaliyopigwa brashi, wakapita mashine ya kukamua alizeti, na kila hatua Leonsia alijua banda la uvuvi liko upande gani bila kuligeukia. Walipofika, Malimi alikuwa amesimama nyuma ya meza, fimbo ya kuelekezea mkononi, taya la papa mbele yake limeachama. Alikuwa amekonda. Au pengine ni lile shati jeupe, Leonsia alijiambia, shati jeupe humkondesha mtu.

Watu walikuwa wanamcheka kama kawaida. Ng'washi, mchuuzi wa samaki wa Kirumba ambaye Leonsia alimfundisha kuandika jina lake mwenyewe, alijipenyeza mpaka mbele.

"Bwana Papa, hebu tuambie," alisema. "Siku huyo mwanao akikutafuna mguu, pole tumpe nani, wewe au yeye? Maana meno yake yatapata taabu na mifupa yako."

Banda zima lilicheka. Kwa kawaida hapo Malimi angeanza kueleza safu za meno na urefu wa mimba. Alinyanyua fimbo, akainua macho, akamwona Leonsia. Kitu fulani kilipita usoni mwake, kama mtu aliyetiwa maji baridi na kuyafurahia. Halafu nyuma ya Leonsia akaliona koti la Mzee Kahigwa. Akaiweka fimbo chini.

Aliwauliza watu swali ambalo halikuwa na papa ndani yake. Nani hapa, nyumbani kwao kuna mnyama asiyeliwa? Mwanzoni walitazamana, wakidhani ni mtego. Kisha Ng'washi akasema kwa bibi yake hawali pongo, anayemla ngozi inamchubuka. Mzee mmoja wa Ukerewe akasema kwao ni kiboko. Mama mmoja Mjita akataja ndege ambaye jina lake kwa Kiswahili hakulijua, akamwigiza sauti, na watu wakamtambua. Punde ikawa kelele kama ya mnadani, kila mtu anamtaja wake kwa fahari, na wengine wanabishana nani kati yao anayejua vizuri.

"Jumapili ile nilikwenda kuposa," alisema Malimi, na kelele zikakatika kwa mkupuo. "Nikampelekea mzee wa watu kamongo. Kumbe kwao haliwi."

Ng'washi alijishika mdomo. Leonsia alitazama chini. Aliomba Mungu asitaje nyumba.

"Nilipoambiwa, nikafanya kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Nikauita ushirikina. Sikumwambia yule mzee, nilimwambia mtu mwingine, na huyo mtu akanionyesha ujinga wangu nikiwa nimevaa suti ya kuazima." Wachache walicheka, si kwa dhihaka. "Nimekaa na maneno yake tangu siku ile. Nikajiuliza, ningu wetu wamekwenda wapi? Wazee mnawakumbuka, wakati wa masika wakipanda mtoni kutaga, nasi tumewasubiri mlangoni mwa mto na nyavu. Ningu hakuwa muziro wa mtu niliyepata kumjua. Kamongo bado tunaye. Mimi nadhani ni kwa sababu kila mwalo kuna nyumba mbili tatu zinazomrudisha majini na kunyamaza. Basi na papa je? Mafia nimekaa, nimekula, nimelala kwao. Sikukuta nyumba hata moja inayosema huyu ni wetu. Kila samaki anayeachwa ana watu wake. Papa hana ukoo. Ndiyo maana anakwisha."

Mmoja wa wazee wa kisomo alinyoosha kidole akaligusa lile taya taratibu, kama mtu anayegusa mlango wa nyumba yenye msiba.

Leonsia alisikia joto linampanda mpaka masikioni. Maneno yalikuwa yake, aliyoyasema kwa hasira kwenye mawe, na Malimi alikuwa ameyabeba muda wote huu akiyatafutia mahali pa kuyaweka. Lakini hapohapo akaogopa. Habari ya nyumbani kwao ilikuwa imetangazwa uwanjani, na baba yake alikuwa amesikia yote, pamoja na lile neno.

Mzee Kahigwa alinyanyua mkono juu, sawasawa na wanafunzi wa binti yake. Watu wakampisha.

"Wewe unamla?" aliuliza.

"Nimemla, Mzee. Kule ndicho kitoweo. Nilikaribishwa, nikala. Mchana nikala, jioni nikasimama mbele yao nikawaambia wamwache."

"Kwa hiyo mdomo wanaousikia ukimtetea ndio huo waliouona ukimtafuna."

"Ndio huo, Mzee."

"Muziro hautangazwi," alisema Mzee Kahigwa. "Unaanzia chunguni. Usipompika kwako, mtoto wako atakuuliza kwa nini, utamwambia. Naye atamwambia wake. Hakuna kingine."

"Mzee, kuanzia leo mimi..."

"Usiniahidi." Alimkatiza kwa upole. "Habari ya chungu, mwanamume akiahidi ni hewa tu. Chungu hakishiki yeye."

Leonsia alisikia sauti inatoka, akatambua ni yake.

"Nitakishika mimi, Tata."

Wanafunzi wake wote wakamgeukia. Alikuwa amezoea kutazamwa nao, akisimama mbele ya ubao na chaki mkononi, lakini sasa hakuwa na chaki, na mikono hakujua aiweke wapi. Aliendelea kwa sababu kunyamaza hapo kungekuwa kugumu zaidi.

"Nikienda Mafia, chungu kitakuwa changu. Kamongo huko hayupo, na hata angekuwapo asingeingia. Na papa hatapikwa. Nikikaribishwa kwa watu nitashukuru, nitasema kwetu haliwi. Wakiniuliza tangu lini, nitawaambia tangu kwa mume wangu."

"Mwalimu," alisema Ng'washi taratibu, "umejiposa mwenyewe."

Kicheko kilipita, chepesi, kikaisha. Mzee Kahigwa hakucheka. Alimtazama binti yake kwa muda, kama anavyoutazama ubao akitafuta ulikopinda, na Leonsia hakuyakwepesha macho yake. Mwanamke wa Kihaya akiolewa haachi muziro wa baba yake. Anakwenda nao, na ule wa mumewe anauheshimu pamoja nao. Hayo hakufundishwa kisomo. Aliyajua tu, na baba yake alijua kwamba anayajua. Kilichokuwa kipya ni kwamba mume huyu alikuwa ndiyo kwanza anautafuta wa kwake, na binti alikuwa ameukubali kabla haujakauka.

"Kijana," alisema mzee hatimaye. "Mwambie Ngosha aje kesho kutwa. Nitamsikia. Na asibebe kitu."

"Ndiyo, Baba," alisema Malimi. Tangu waanze kujuana alikuwa hajawahi kumwita hivyo. Mzee Kahigwa aliliacha lipite bila kulisahihisha.

Alimwambia Leonsia kwamba anakwenda kutazama zile mbao za Sao Hill, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayemwambia mama, jioni, akishakula. Habari ya meno ya papa mama asiongezewe, yatosha aliyokwisha kusikia. Kisha akatoka bandani, mikono nyuma, koti lake likipotea kati ya kanga na kofia za watu.

Malimi alibaki amesimama. Alimtazama Leonsia waziwazi, bila pazia, bila wazee, mbele ya mji mzima, na macho yake hayakurudi haraka popote. Leonsia alitaka kuzunguka ile meza. Alitaka kumwambia shati limemkondesha, na ale, na asiogope treni, Krismasi si mbali. Lakini darasa zima lilikuwa linamtazama usoni, likisoma bila kukwama hata herufi moja.

Akaiokota ile fimbo mezani, akamkabidhi. Vidole vyao vilikutana juu ya mti, vikakaa hapo muda mrefu kidogo kuliko kukabidhiana fimbo kunavyohitaji.

"Endelea, Ndugu Malimi," alisema. "Wanafunzi wangu hawajamaliza kuuliza."